Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo kilichomchagua mwanangu kabla hajaomba

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Pokea shukrani za familia nzima. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka asubuhi, na kabla ya adhuhuri ujumbe wenu ulikuwa umeshaingia kwenye simu yangu: "Hongera! Umechaguliwa kujiunga na Diploma ya Famasia. Nafasi ni chache." Mwanangu hakuwa ameomba popote. Sisi tulikuwa bado tunahesabu pointi kwa vidole, ninyi mmeshamuona mfamasia. Hakika mna jicho.

Maana jicho la kawaida linaona hivi: Division Four, pointi 29. Kiswahili C. Uraia, Jiografia, Biolojia na Fizikia D. Hesabu, Kiingereza na Historia F. Kemia F, tena F iliyotulia. Mwongozo wa udahili wa NACTVET unataka anayeanza ngazi ya 4 ya NTA awe na angalau D nne, za dini hazihesabiwi, na kwa famasia Kemia na Biolojia lazima ziwemo. Nilipompigia afisa udahili wenu kumkumbusha hilo, alinisikiliza kwa upole wa dalali wa viwanja. "Usijali mzazi, ataanza masomo huku anareseti. Wewe lipia fomu kwanza."

Nisiwasahau mawakala wenu wa huku nyumbani, ingawa hamjawalipa. Baba yake mdogo ameshatangaza kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba kijana anakwenda "afya". Shangazi anataka tu kujua kama koti jeupe linavaliwa tangu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyejiuliza mtoto huyu atakariri vipi majina ya dawa, wakati nikimtuma dukani vitu vitatu hurudi na viwili. Kwetu mtoto aliyefeli husomeshwa ili majirani wanyamaze, na kwa ugonjwa huo famasia inatibu haraka.

Fomu yenu ya kujiunga nimeisoma yote. Rimu mbili za karatasi, ndoo, fagio la chelewa, fyekeo, picha sita za pasipoti, ada kwa awamu nne, hela ya kitambulisho, hela ya "maendeleo". Mmeuliza hata saizi ya sare. Hamkuuliza anaweza nini, kwa hiyo nawaandikia jibu hapa bure, mliweke kwenye faili lake.

Desemba, joto la Dar likiwa limepamba moto, friji la biashara yangu ya juisi liligoma. Fundi akaja, akaligusa kwa nyuma, akasema gesi imekwisha, akataja bei. Kijana alikuwa amechuchumaa pembeni. "Mama, siyo gesi. Kompresa inachemka inajizima, ikipoa inawaka tena. Haipati hewa." Akachomoa waya, akaligeuza friji, akatafuta mswaki wa zamani na kusugua vumbi lililogandana na mafuta kwenye kondensa, taratibu, upande hadi upande, bila kuinua kichwa. Huyu ndiye ambaye mwalimu wake wa Hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba hana utulivu. Jioni juisi ilikuwa baridi. Fundi alidai nauli.

Kwa akili zangu za kizamani nikawaza VETA, iliyopo kisheria tangu 1994, ambako ufundi wa majokofu na viyoyozi unafundishwa na ile D ya Fizikia inaweza hatimaye kupata kazi ya kufanya. Na akifika ngazi ya 3 ya NVA, akiwa na cheti chake cha kidato cha nne, mlango wa diploma haujafungwa. Serikali nayo imeamka: Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Ila mkondo huo umemkuta mwanangu ameshanakili Kemia ubaoni miaka yote hiyo, maabara ikiwa na kufuli.

Baba mdogo anasema VETA ni ya walioshindwa. Aliyasema hayo akiwa ofisini kwake, anajipepea kwa faili, kiyoyozi kimekufa tangu Pasaka ya mwaka jana na fundi wa kuaminika hapatikani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nafasi ya mwanangu nairudisha, maana mmesema ni chache. Wapo watoto wenye Kemia safi na hamu ya famasia ambao wazazi wao wanahangaika na ada, wapigieni hao. Mkiona vema kunijibu, naomba barua yenu iwe na namba ya usajili wa chuo. Niliitafuta kwenye bango lenu la barabarani, lakini mahali inapokaa namba mmebandika picha ya binti anayetabasamu, stetoskopu shingoni.

Wenu katika udahili,
Mama wa Division Four