Namna ya Kununua Nchi ya Pili

Msomaji unayetaka uraia wa pili, anza na akaunti yako ya benki. Mengine yote, pamoja na mapenzi yako kwa nchi unayoiomba, huja baadaye, na mengi hutaulizwa kabisa.

Ukishaiona pesa, chagua kisiwa. Saint Kitts na Nevis ndio wakongwe wa biashara hii. Walipata uhuru mwaka 1983, na mwaka uliofuata tu wakaanza kuuza uraia. Mchango wao wa chini leo ni dola 250,000, na ukishatoa umetoa. Dominica wanataka 200,000. Si lazima uhamie huko. Ombi lako halipokelewi mkononi mwako, sharti lipitie kwa wakala aliyeidhinishwa, naye ana ada yake. Juu yake kuna ada ya kukuchunguza, hati ya polisi kwamba huna kosa, na maelezo ya mali yako imetoka wapi. Hapo kwenye mali ndipo matajiri wengi hukumbwa na kikohozi.

Usichelewe, maana milango inafungwa. Cyprus ilifunga wake mwaka 2020, baada ya waandishi wa habari kuwarekodi kwa siri wakubwa waliokuwa tayari kumsaidia mnunuzi mwenye hatia ya jinai. Malta ilishikilia mpaka tarehe 29 Aprili 2025, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoamua kwamba uraia hauwezi kugeuzwa bidhaa. Pasi uliyokwisha kuilipia nayo huweza kushuka thamani usiku mmoja: Julai 2023 Uingereza iliwawekea raia wa Dominica na Vanuatu masharti ya viza, ikilalamikia uuzaji huo huo.

Halafu soma sheria za kwenu. Mkenya hana shida, Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake anapoteza wa kwake, kwa hiyo atalipa robo milioni ya dola na kubaki na nchi moja tu, tena asiyoijua.

Na asiye na kitu? Njia yake ipo, nayo ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu: asubiri serikali imnunulie.

Katika Falme za Kiarabu na Kuwait wako mabiduni, watu waliozaliwa humo, wengine na wazazi wao pia, bila kutambuliwa kuwa raia wa nchi yoyote. Baadhi yao asili yao ni Zanzibar. Mwaka 2008 bunge la Komoro lilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi, na Falme za Kiarabu zikalipa ili watu hao wapewe pasi za Komoro kwa maelfu. Mtu wa Dubai au Abu Dhabi aliyekwenda kushughulikia karatasi zake alitoka akiwa Mkomoro. Kupiga kura Komoro haruhusiwi, na visiwa vyenyewe hajawahi kuvikanyaga. Kilichobadilika ni kimoja: nyumbani kwao sasa alikuwa mgeni mwenye pasi ya kigeni, na mgeni hufukuzwa. Mwaka 2012 mwanaharakati mmoja aliyepewa pasi hiyo alipakiwa kwenye ndege na kupelekwa Thailand. Miaka miwili baadaye afisa wa Kuwait alitangaza kwamba mabiduni wa huko nao wangepewa uraia wa Komoro.

Wakomoro wenyewe, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, waliahidiwa barabara na umeme. Novemba 2022 mahakama ya Komoro ilimhukumu Rais wa zamani Ahmed Abdallah Sambi kifungo cha maisha kwa uhaini kwa sababu ya mauzo hayo. Yeye alikana, na hukumu ile haina rufaa.

Uuzaji huo ni wizi wa utu, nami sina jina la kistaarabu zaidi la kuupa. Tajiri ananunua nchi asiyoihitaji, na maskini ananunuliwa nchi ili anyimwe yake.

Njia ya tatu ni ya miguu. Wamakonde wa Kwale, waliofika Kenya zamani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walizaa na kuzika huko bila vitambulisho. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi, wakafika Ikulu, na Rais akaagiza wasajiliwe. Wapemba wa pwani hiyo hiyo walingoja hadi 2023.

Basi kama una dola 250,000, wakala wako hatakosa kukupata. Lakini kama una jirani asiye na kitambulisho, nawe unajua alizaliwa wapi na nani alimlea, fuatana naye kwa chifu ukamshuhudie. Ushahidi huo haulipiwi hata senti, na wako wengi wanaoungoja.