Rubani wa Barazani

Jeshi letu la anga, Tanzania, lilianza kufunzwa na Wajerumani wa Magharibi. Mwaka 1965 wakasusa, kisa Wajerumani wenzao wa Mashariki. Wakaja Wakanada, kisha Wachina na MiG zao.

Hapa Gungu, Kigoma, tuna mzee asemaye alikuwamo. Kahawa ikimiminwa tu, anapaa: walivyofichiana uji, walivyokimbizwa bweni zima kwa kitanda kimoja kisichotandikwa. Hayo nayaamini, kila kuruti anayajua. Ila ukimuuliza ndege hugeuzwaje, anaomba kashata.

Juzi mwanawe kamkatia tiketi ya ndege kwenda Dar es Salaam. "Mawingu hayo siyapendi, mwanangu," akasema, akitazama mbingu nyeupe pee juu ya ziwa.

Kaondoka na treni.