Sifa za Taco Inayovunjika

Walaji wa Johannesburg wanaojiona wajuzi hugombana kuhusu mengi, lakini mgahawa wa Kimeksiko wote wanaudharau. Ukutani imetundikwa kofia pana ya ukindu. Mlangoni umesimama mpungate wa plastiki. Spika inapiga nyimbo za Kihispania ambazo hakuna mtu ndani, tangu jikoni hadi mezani, anayejua zinalilia nini, maana mpishi ametoka Bulawayo na mhudumu Blantyre. Taco yenyewe ni mkate mwembamba wa mahindi ya njano, uliokunjwa ukakaangwa hadi ukakauka. Uking'ata tu, unapasuka: nyama sahanini, majani mapajani, sosi kwenye mkono wa shati.

Chakula hiki kinastahili sifa, na kimecheleweshewa mno.

Tuanze na huko kuvunjika, ambako wengi wanakuita kasoro. Katika migahawa ya heshima ya Sandton, mtu wa Tanga aliyelelewa kwenye sinia moja na ndugu zake hujikuta akitahiniwa: uma upi kwanza, kisu mkono gani, kitambaa kiwekwe wapi. Taco haina mtihani wa namna hiyo, kwa sababu haina anayefaulu. Wakili wa Rosebank aliyevaa tai ya hariri na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand anayekula kwa posho ya mwisho wa mwezi huishia palepale, wameinamia sahani wakiokota mabaki kwa vidole. Mkono unarudi mezani, wala hakuna wa kukodoa macho.

Fadhila ya pili ni kubwa zaidi: taco haimkumbushi mgeni kwao. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajakaa ugenini. Mtu wa Bukavu akienda Yeoville, kwenye soko la Mtaa wa Rockey na vibanda vyake, anapata sombe na ndakala, anakula nusu sahani, kisha anaanza mashtaka: mawese hayatoshi, na mama yake asingetwanga hivi. Mtu wa Dar es Salaam akiagiza biriani Fordsburg, wali haujafika mezani naye ameshaanza hadithi za Kariakoo. Mayfair, kwa Wasomali, pilau ni tamu kweli, na utamu huo ndio unaoumiza. Kila tonge ni kesi dhidi ya jiji zima. Lakini nani aliwahi kukaa mbele ya taco akasema shangazi yake wa Ujiji alikuwa akiipika vizuri zaidi? Mtu anakula chakula kibaya kwa amani kamili.

Wapo watetezi wa asili, watu waliowahi kufika Meksiko wiki mbili, ambao husema kwamba hiki si chakula cha Kimeksiko hata kidogo. Kweli, chakula halisi kina hadhi yake. Mapishi ya jadi ya Meksiko, kwa mfano wa jimbo la Michoacán, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2010, kwa hiyo watetezi hawakosei. Lakini taco ngumu nayo ina ukoo. Juvencio Maldonado, mzaliwa wa Oaxaca aliyekuwa na mgahawa New York, alipata hataza mwaka 1950 kwa kifaa cha kukaangia taco zikiwa zimekunjwa tayari. Nacho, zile pembetatu zinazozama kwenye jibini, zilizaliwa miaka ya 1940 katika mji wa mpakani wa Piedras Negras. Inasimuliwa kwamba wanawake Wamarekani waliingia wakiwa na njaa, mpishi haonekani, na Ignacio Anaya akaunganisha kilichokuwepo jikoni. Ni chakula cha kubangaiza, kilichopikiwa wageni. Kingefika wapi tena, kama si Johannesburg, jiji lililoanza mwaka 1886 kwa mahema ya wachimba dhahabu waliotoka kila upande?

Rangi yake ya njano inahitaji utetezi wake. Mtanzania mwenye umri wa kutosha akiiona taco anakumbuka unga wa Yanga, ule wa msaada wa miaka ya njaa uliopewa jina kwa rangi ya klabu ya Jangwani, na walioula, hata washabiki wa Yanga wenyewe, hawakuupenda. Kenya nayo iliagiza mahindi ya njano baada ya ukame wa 1984, na watu wakayanung'unikia vilevile. Afrika Kusini hadi leo binadamu anakula meupe, ya njano yanakwenda kwa kuku na ng'ombe. Ila yakikaangwa na kukunjwa, yakaandikwa kwenye menyu kwa Kihispania, huliwa kwa furaha, tena kwa bei ambayo ingenunua mfuko mzima wa unga wa Iwisa.

Na hapa kicheko kinageuka upande. Mahindi yalitokana na nyasi za bonde la Balsas, kusini magharibi mwa Meksiko, miaka kama 9,000 iliyopita. Wenyeji walijifunza kuyachemsha kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo ndiyo inayoifungua vitamini ya niasini ili mwili uipate. Mahindi yalisafiri dunia nzima. Maarifa ya chokaa yakaachwa nyumbani, na pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ikawafuata watu maskini waliotegemea mahindi matupu. Afrika Kusini iliamuru mwaka 2003 unga wa mahindi uongezwe vitamini na madini, niasini ikiwemo. Baridi kali ya Februari 2011 ilipounguza mashamba ya Sinaloa, Meksiko ikanunua mahindi meupe kutoka Afrika Kusini. Kwa hiyo huenda kuna Mmeksiko aliyekula tortilla ya unga wa jimbo la Free State akaisifu kuwa ya nyumbani, wakati Johannesburg mtu akiilaumu taco kwa kutokuwa ya Kimeksiko.

Lililobaki ni pilipili. Menyu huweka alama tatu nyekundu za kutisha, sosi ikifika ni tamu ya kumpa mtoto. Mtu wa pwani akilalamika, mhudumu huingia jikoni na kutoka na chupa isiyo na nembo, achari ya wafanyakazi wenyewe. Ukichelewa hadi saa nne usiku utanusa na kilichopo nyuma ya mlango huo: sufuria la ugali mgumu, na utumbo unaochemka taratibu.

"Kaka, hicho nacho kipo kwenye menyu?"

"Hapana, ndugu yangu. Hicho ni chakula."