Soketi Janja Yafika Kamachumu

Kwa mama yangu Kamachumu, wilayani Muleba, swichi za taa huguswa na kila mtu lakini mwenyewe ni mmoja. Mama ndiye wa mwisho kulala. Hupita chumba kwa chumba akizima kila kinachowaka, halafu huishia kwenye mita ya LUKU kuangalia zimebaki uniti ngapi, maana anajua fika kwamba mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi ana bei yake ya huruma, na anayezivuka hana mtetezi. Ukisahau taa ya chooni, asubuhi unaletewa kesi pamoja na chai. Basi katika nyumba yenye ulinzi wa namna hiyo, mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam aliona kuna upungufu mmoja: hakuna mtambo wa kuzima taa.

Alituma boksi kwa basi. Mimi naishi Bukoba mjini, Kashai, nikalipokea stendi na kulipandisha Kamachumu kwa njia ya Muhutwe. Ndani mlikuwa na soketi za kuchomekwa juu ya soketi, balbu za kuamriwa kwa simu, na vidude vyeupe vya plastiki ambavyo fundi huvikatia waya katikati, umeme ukaingia upande huu na kutokea ule, kidude kikipenda. Vyote vya Kariakoo, na hakuna hata kimoja kilichofikia bei ya jogoo wa Krismasi.

Unafuu huo una sababu. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ilitoa chipu iitwayo ESP8266, kompyuta ndogo yenye Wi-Fi kwa bei ya kutupa, na watengenezaji wa China wakaanza kuipachika kwenye kila chenye plagi. Wapenda vifaa duniani nao hawakulala: Mholanzi Theo Arends aliandika Tasmota, programu ya bure inayovikomboa vidude hivi kutoka kwenye seva za kiwandani ili vimsikilize mwenye nyumba peke yake. Wazo lenyewe ni la zamani. Waskoti wa Pico Electronics walibuni mfumo wa X10 mwaka 1975, amri ya kuwasha na kuzima ikisafiri ndani ya nyaya zilezile za umeme wa nyumba. Naamini wakati wanabuni hawakuiwaza Kagera, mkoa ambao kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa laini ya Masaka hadi Kyaka, na taa ikizimika Bukoba ulianza kwa kuuliza ni nchi gani imekatika.

Mpwa wangu, aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo ya kidato cha nne, aliteuliwa kuwa injinia. Fundi wa umeme akaitwa kumsaidia. Alifungua swichi ya sebuleni, akachungulia, akashuka kwenye kiti.

"Hapa nyutro hakuna."

"Imekwenda wapi?" mama akauliza, maana fundi huyo ndiye aliyefunga umeme wa nyumba nzima.

"Iko juu, mama. Iko darini."

Nyumba zetu nyingi zimefungwa hivyo. Waya wa moto unashuka hadi kwenye swichi na kurudi juu kwenye taa, nyutro inabaki darini kwa sababu swichi ya kawaida haina shida nayo. Kidude chenye Wi-Fi kinahitaji umeme wake chenyewe ili kiwe macho, kwa hiyo kinataka nyaya zote mbili. Fundi alipanda darini, tochi mdomoni. Tulichokiona kwa muda mrefu ni vumbi, na popo mmoja aliyeshuka sebuleni kukagua maendeleo ya kazi.

Kazi ilikamilika jioni, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba nyumba haina ruta. Mtandao wote ulikuwa hotspoti ya simu ya mpwa. Nyumba ilikuwa na akili mpwa akiwapo. Akipanda bodaboda kwenda Muleba mjini kuangalia mpira, akili iliondoka naye mfukoni. Na hata akiwapo, amri haikwenda moja kwa moja. Umekaa kwenye kochi, unabonyeza simu, agizo la kuzima taa iliyo juu ya kichwa chako linapanda mnara, linavuka bahari hadi kwenye seva ya ng'ambo, ndipo linageuza kurudi Kamachumu, kama bando lipo. Usiku mmoja bando liliisha agizo likiwa safarini. Mpwa akatoka uani ameinua simu juu, akitafuta mtu wa kumrushia MB. Mama akainuka, akafika ukutani, akabonyeza swichi. Giza.

"Hii yangu haina bando," akasema, akaenda kulala.

Sasa, balbu ya namna hii sharti swichi ya ukutani ikae imewashwa saa zote, la sivyo simu haiioni. Mpwa akabandika selotepu juu ya swichi. Asubuhi selotepu ilikuwa kwenye ndoo ya taka. Akaandika karatasi kwa herufi kubwa: USIZIME. Mama alivaa miwani, akaisoma kwa utulivu, akauliza ni nani katika nyumba hii aliyepata kimo cha kumwamuru. Mpwa akaona ajitetee kisayansi.

"Bibi, wala hazili umeme. Hata ikiwa imezima inatumia kama wati moja tu. Kwa mwezi haifiki hata uniti moja."

"Ikiwa imezima?"

"Ndiyo, bibi."

"Inakula?"

"Kidogo sana."

"Kwa hiyo mmeniletea mgeni anayekula usiku na mchana ili anisaidie kubana matumizi."

Mpwa alinigeukia nimsaidie. Nilikuwa na ndizi mdomoni, na sikuona sababu ya kuharakisha kutafuna.

Majirani waliingizwa kwenye mradi na sabufa. Zamani sabufa ile ikizimwa ukutani imezimwa, hata umeme ukatike na kurudi mara ngapi. Lakini mpwa alikuwa ameichomeka kwenye soketi janja, kwa hiyo ya ukutani ilibaki imewashwa na kuzima kukawa kazi ya simu. Soketi nayo ilikuwa na tabia yake iliyotoka nayo kiwandani: umeme ukikatika kisha ukarudi, inawasha. Jioni moja umeme ulikatika, watu wakalala mapema. Ukarudi saa tisa usiku, na singeli ikaanzia pale ilipoishia Jumamosi.

Anayeijua Kamachumu anajua kwamba kila nyumba imejitenga ndani ya kibanja chake cha migomba na mibuni, na usiku wa manane hata kikohozi kina anwani. Mpwa aliruka kitandani kutafuta simu, simu haikuwa na chaji. Wa kwanza kufika alikuwa mzee wa jirani, panga mkono huu, tochi mkono huu.

"Waitu, ni msiba au ni harusi?"

"Ni soketi," mama akamjibu dirishani.

Mzee alisimama kidogo akitafakari, kisha akaomba basi wapunguze, maana wimbo wenyewe si mbaya. Mama akachomoa plagi.

Baada ya tukio hilo mdogo wangu alituma ruta ndogo ya kuwekea laini ya simu, ili nyumba isitegemee tena mfuko wa mtoto.

Nisivionee vidude hivi. Kazi yao halisi niliiona Nshamba kwa baba mdogo, msimu wa senene. Kwa asiyewajua, senene ni panzi wa kuliwa, hushuka kwetu hasa Novemba na Desemba, na siku hizi wategaji husimamisha mabati, huweka mapipa chini na kuwasha taa kali. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza hadi pipani. Taa hizo zinakunywa umeme vibaya, na mtu hawezi kukesha kila siku akishika swichi. Kuziwekea ratiba ni akili kabisa. Fundi alifunga kidude pamoja na kontakta, ili mzigo wa zile balbu upite kwenye kontakta na kidude kifanye kazi ya kutoa amri tu. Baba mdogo, asiyependa kufanyiwa mambo, akaingiza saa mwenyewe: ziwake saa mbili, zizime saa kumi. Akajifunika blanketi.

Asubuhi watoto wa shule walipita wakashangaa taa zote za mtego zikiwaka juani, mapipa matupu, na baba mdogo amelala. Ng'ambo ya bonde, jirani alikuwa anafunga mifuko.

Mpwa alipigiwa simu, akashuku China mara moja. Alinieleza kwa uhakika wote: "Anko, programu itakuwa inafuata saa za Shanghai." Shanghai wako mbele yetu kwa saa tano, akachukua kalamu, akatoa tano, akajumlisha tano, akaleta na saa za Greenwich, hesabu ikagoma kabisa kukutana na watoto wa shule. Ndipo baba mdogo alipoulizwa aliandika nini hasa.

"Niliandika mbili. Si saa mbili?"

Ilikuwa saa mbili, ya kidude. Mtambo unahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo ulimtii mzee herufi kwa herufi: ukawasha saa nane usiku, ukazima saa nne asubuhi. Kesho yake akaandika 20:00. Saa mbili kamili usiku taa zikawaka, senene wakaanza kugonga mabati, jirani ng'ambo ya bonde akainuka kutazama kwa wivu. Robo saa baadaye umeme ukakatika kata nzima.

Aliyefaidi mradi huu kuliko sisi sote ni mama, na kwa njia ambayo haimo kwenye karatasi ya maelekezo. Programu ya mdogo wangu humpa taarifa kila soketi inapopotea hewani. Siku ya kwanza ilipompa, alinipigia nikiwa sokoni Bukoba, sauti inatetemeka: nyumba ya mama imepotea. Nikampigia mpwa, hapatikani. Nikampigia wa bodaboda pale kwenye njia panda, akaenda mbio, akamkuta mama barazani anatafuna kahawa.

"Uniti zimeisha," mama akatuma ujumbe kwa mdomo wa bodaboda. "Mwambieni huyo mwenye mtandao atume."

Mdogo wangu akatuma zile tarakimu 20 za LUKU huku anahema. Mama hakusema kitu, lakini alikuwa amejifunza. Siku hizi akitaka kuzungumza na mwanawe, anachomoa soketi na kukaa. Haipiti dakika tano simu inaita kutoka Dar es Salaam, mtoto ana wasiwasi, anauliza kila kitu: umekula, mguu vipi, dawa zipo. Mama anabipu bila salio. Tulipomwambia mdogo wangu afute ile taarifa ya programu, mama alikuwa wa kwanza kukataa, na ile soketi ndiyo pekee katika nyumba ambayo haruhusu mtu kuigusa.

Msomaji unayefikiria kuvijaribu, muulize fundi kwanza kama nyutro imeshuka kwenye swichi. Soma amperi ubavuni mwa kifaa: kilichoandikwa 10 kwenye volti 230 mwisho wake ni wati 2,300, tena hiyo ni kwa kusifiwa, kwa hiyo pasi, birika na jiko viache kwenye soketi ya kawaida. Ingia kwenye programu utafute sehemu ya umeme ukirudi, uchague izime, hasa kama una sabufa na majirani. Saa iandike kwa mtindo wa tarakimu 24. Na mwambie fundi aunganishe kidude na swichi ya ukutani vyote vifanye kazi, jambo linalowezekana kwa aina nyingi, ili mama asihitaji simu kuzima taa yake.

Senene wanarudi Novemba. Baba mdogo ameshanunua jenereta.