Prosesa Yake, Tokeni Zangu

Kila kitu Kitengela kimeongezwa kasi isipokuwa kile kinachohitaji kuongezwa. Bei ya ploti inapanda kabla mwenye kuuza hajamaliza sentensi. Boda boda wa steji ya Yukos ananing'oa kabla hajaniuliza ninakwenda wapi. Barabara ya Namanga peke yake, saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo imebaki na mwendo wake wa asili. Na sasa mpwa wangu, anayeishi kwangu, anayekula kwangu na kuchomeka nyaya zake kwenye ukuta wangu, ameamua kompyuta nayo ikimbizwe.

Kijana anahariri video za harusi na za ruracio, zile sherehe za mahari. Biashara si mbaya. Kati ya hapa na Kajiado mjini hakuna Jumamosi isiyo na hema. Anakata, anaunganisha, anaweka wimbo, halafu anabonyeza kitufe na kungoja mashine iipike video. Hapo kwenye kungoja ndipo shetani alipompata.

"Anko, hii prosesa nataka kuiovakloki. Kidogo tu."

Hiyo "kidogo tu" naijua. Fundi wa vigae aliisema, na choo changu kikakaa wazi mpaka wageni wa Krismasi. Nikamwambia anieleze kwanza, kwa sababu anayenunua tokeni za stima ni mimi.

Alieleza, na kusema haki alieleza vizuri. Prosesa ina mpigo wa msingi, megahezi 100, na mpigo huo unazidishwa kwa namba. Mara 34 unapata gigahezi 3.4, mara 40 unapata 4. Basi. Unaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijaamka, unabadilisha namba, unahifadhi, unamkumbuka Mungu.

Ila si kila prosesa inakubali. Hizi kompyuta za mtumba zilizostaafu kwenye ofisi za Ulaya, zenye kina Core i5-4570, zimefungwa namba zao na hata ukikesha hazifunguki. Zamani watu walipenya. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A ya megahezi 300, na wajanja wakagundua kwamba ukiupandisha mpigo wa bodi kutoka 66 hadi 100, kile kitu cha bei nafuu kinakimbia 450. Unadhani mwenye kiwanda alicheka? Kizazi kilichotoka Januari 2011 kilibanwa mpigo wa msingi usitikisike, na uhuru wa kupandisha ile namba wakapewa wenye herufi K mwishoni, kwa bei ya juu kidogo. Yaani ni kama sheria za Michuki za 2004 ziweke matatu kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, halafu yuleyule aliyekifunga amuuzie dereva ruhusa ya kukifungua, tena kwa risiti. AMD angalau hawana maringo hayo: prosesa zao za Ryzen za kompyuta za mezani tangu 2017, nyingi ziko wazi, mradi bodi yako isiwe ya bei ya chini kama A320.

Ya mpwa wangu ni Core i5-2500K. Kwa miaka ya kompyuta huyo ni mzee wa kuamkiwa shikamoo, lakini K anayo.

Alipofika kwenye volteji ndipo nilipoketi vizuri. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa mraba. Ongeza kasi asilimia 10 na volteji asilimia 10, uone: 1.1 mara 1.1 mara 1.1, stima imepanda asilimia 33. Thuluthi! Na yote inatoka kama joto, chini ya mabati, mwezi wa Februari. Tukaelewana hapohapo. Namba aguse, volteji asiisogelee.

Kisha nikataka sanduku lifunguliwe. Vumbi la Kitengela, la malori ya mchanga na la majengo yasiyokwisha, lilikuwa limeziba mapezi ya chuma cha kupozea mpaka feni inapuliza ukuta. Tukampelekea fundi wa panja mwenye kompresa. (Ukienda, shikilia feni kwa kidole isizungushwe na ule upepo ikafa, na mwambie amwage kwanza maji yaliyo kwenye mtungi.) Ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma ilikuwa imekauka ikawa chokaa, mpwa wangu akapaka mpya, kiasi cha punje ya njegere.

Na tazama, kabla ya kuongeza hata megahezi moja, mashine ikaanza kukimbia. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguza mwendo yenyewe isiungue. Muda wote huo kijana alikuwa anaendesha gari huku amekanyaga breki, na suluhisho lake lilikuwa kuongeza mafuta! Wengi wa hawa wanaoovakloki ndivyo walivyo. Diski ya zamani inayozunguka ikikoroma humo ndani, hawaioni. Wangenunua SSD wangepata raha kubwa kuliko gigahezi zote wanazoziota.

Rafiki yangu mwenye saiba Kajiado mjini aliahidiwa na mpwa wangu huduma hiyohiyo. Akamwuliza, "Kijana, Juni 30, foleni ya watu wa ushuru ikifika nje, mashine zangu huwa zinangoja prosesa?" Zinangoja mtandao, na zinangoja mzee akumbuke nywila yake.

Lakini video ni kazi ya prosesa kweli, siwezi kumnyima hilo. Akapanda pole pole, hatua moja ya megahezi 100 kwa wakati, kila hatua akiitesa mashine kwa programu ya majaribio na kuangalia joto lisipite nyuzi 80. Kwenye 40 ilitulia. Kwenye 44, ambayo hakuniambia, ilizima katikati ya shangazi za bibi harusi wakicheza, na ikabidi achomoe ile betri ya duara kwenye bodi ili isahau upuuzi aliouandika. Akarudi 40 na adabu zake.

Faida basi. Kutoka 3.4 hadi 4, kazi ya saa moja inakuwa dakika 51. Mteja mwenyewe atakuja kuchukua video mwisho wa mwezi, akipata pesa. Zile dakika tisa mpwa wangu anazitumia kutazama grafu ya joto ikipanda na kushuka, na chai yake inapoa pale pembeni.

"Anko," akaniambia jana, "tukiweka feni kubwa, hii inafika 42."

"Weka," nikamwambia. "Mita iko nyuma ya mlango, na namba yake nimeiandika hapo kwa kalamu."