Ufunuo wa Mwalimu wa Kwaya: Jaribio la Kuuainisha

Wataalamu wa liturujia wameandika mengi kuhusu namna wimbo unavyopaswa kuimbwa, ila swali la awali wamelikwepa: mwalimu wa kwaya huutoa wapi? Makala haya yanapanga ufunuo huo kwa ngeli, kwa kuzingatia chanzo chake na saa unaposhuka. Eneo la utafiti ni misa ya pili katika parokia yoyote ya Kikatoliki ya Tanzania yenye kinanda kimoja na waimbaji wanaofika mazoezi yakiwa katikati.

Ngeli ya kwanza, ufunuo wa masomo, ndiyo inayotambuliwa rasmi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka maneno ya nyimbo yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu. Mwalimu hutii: hufungua kalenda, husoma Injili, kisha hunasa nomino ya kwanza inayoimbika. Jumapili ya 4 ya Pasaka kazi ni nyepesi, maana iwe mwaka A, B au C wa masomo, Injili ni ya mchungaji mwema, na kondoo hawajawahi kuadimika katika faili la kwaya.

Balaa liko mwaka B. Kwa kuwa Injili ya mwaka huo, ya Marko, ni fupi, Jumapili ya 17 hadi ya 21 hujazwa na sura ya 6 ya Yohane: mkate, wiki 5 mfululizo. Uchunguzi wetu unaonyesha kwamba faili la kawaida lina mkate wa wiki 2. Wiki ya tatu nyimbo za komunyo hupandishwa cheo zikawa za mwanzo. Ya nne huitwa ngano na zabibu, kama mashahidi. Ya tano kwaya inamwimbia Bikira Maria, wala hakuna anayehoji, kwa sababu Kupalizwa Mbinguni, 15 Agosti, hakuko mbali.

Ngeli ya pili, ufunuo wa mahudhurio, ndiyo iliyoenea zaidi, ingawa hakuna mwalimu anayeikiri. Wimbo uliochaguliwa Jumanne una besi inayojibizana na teno kurasa nzima. Jumamosi jioni besi ni mmoja, naye ana mafua. Wimbo hubadilishwa papo hapo, na waimbaji huelezwa kwamba ule wa kwanza haukuendana na dhamira ya Injili.

Ya tatu ni ufunuo wa harusi. Kilichoimbwa Jumamosi kwa maharusi bado kiko kooni, hivyo kesho yake hurudi kama wimbo wa matoleo, vigelegele vikiwa vimepunguzwa kidogo. Ufunuo wa paroko tunautaja kwa ukamilifu tu: hushukia sakristia, maandamano yakiwa yameshapangwa, na haujadiliwi.

Kwaresima huvuruga jedwali lote. Utukufu hauimbwi, Aleluya imepumzishwa, na kinanda kinaruhusiwa kusindikiza sauti tu. Mpiga kinanda aliyezoea kupenyeza vionjo kati ya beti huishi wiki hizo kama mfungwa. Kwa maoni ya mwandishi, huo ndio msimu pekee ambao waumini husikia maneno.

Kielelezo kimoja kimetushinda kukiainisha. Ni mama wa makamo, benchi la nne upande wa kushoto, si mwanakwaya. Baada ya komunyo, kwaya inapogombania nakala moja ya nota, yeye huanzisha wimbo wa zamani kwa ufunguo wake mwenyewe, na kanisa zima humfuata hadi ubeti wa mwisho. Mpiga kinanda huutafuta ufunguo huo, akaukosa, akaacha. Mwalimu wa kwaya hutoa kalamu na kuuandika wimbo ule kwenye ratiba ya Jumapili ijayo, mahali pa shukrani. Masomo ya Jumapili hiyo bado hajayasoma.