Kwa Kamanda: Mpandishe Cheo Wivu wa Mapenzi

Kwa Kamanda wa Polisi, Mkoa Wowote Ule, Tanzania

Afande,

Namwombea cheo mpelelezi wako hodari, Wivu wa Mapenzi. Mume akimuua mkewe alfajiri kisha akajiua, saa nane mchana Wivu ameshamaliza kazi mbele ya waandishi wa habari. Chanzo kimejulikana, mtuhumiwa ni marehemu, jalada linafungwa. Na hajawahi kudai posho.

Shida ni hawa watafiti wanaomwonea wivu. Jacquelyn Campbell, muuguzi wa Marekani, alipekua na wenzake mauaji ya wanawake katika miji 11, na mwaka 2003 wakatoa majibu: mume mwenye bunduki, vitisho vya kuua, mke aliyeondoka kwa mwanamume aliyezoea kumtawala. Mwaka 2006 kundi hilohilo likaongeza kwamba wauaji wanaoishia kujiua aghalabu walishatishia kujiua kabla. Huku kwetu kijana akisema "ukiniacha najiua", mashoga wa binti humwambia amepata anayempenda kweli.

Afrika Kusini ndiko walikovuka mipaka. Watafiti wa huko walichunguza mauaji ya wanawake ya mwaka 1999, wakaanzia mochwari, wakaja hadi kwa wapelelezi wenyewe kuwahoji. Wakakuta karibu mwanamume 1 kati ya 5 waliowaua wapenzi wao alijiua ndani ya wiki moja, na waliokuwa na bunduki halali, yenye leseni, ndio walioongoza kwa kujiua hivyo. Sasa wakija kwako na dodoso lao, Afande, watajibiwa na nani? Wivu hajui kuandika.

Tena wataulizia mambo madogomadogo. Kwa mfano yule mama aliyefika Dawati la Jinsia na Watoto akiwa na alama za vidole shingoni, akapewa fomu ya matibabu ya polisi, PF3, na nasaha za kwenda kuyamaliza na wazee. Kukabwa shingo kumo kwenye orodha ya dalili za hatari aliyoiandaa Campbell. Kwenye daftari la zamu kumeandikwa "ugomvi wa kifamilia".

Kwa hiyo mpe Wivu nyota zake, astaafu kwa gwaride. Kiti chake mpe karani mmoja tu, wa kulifungua jalada lililofungwa na kurudi nyuma mwaka mzima: mke aliyeuawa alikuja kituoni mara ngapi, nani alimpokea, na leseni ya bunduki ya mumewe ilipita kwa saini ya nani.

Wako mtiifu,
Raia